Kinundu cha thairoidi kilichoonekana bila kutafutwa: nipasuliwe, nichomwe sindano, au ningoje?

Mwalimu wa Jioni (muulizaji)

Salamu kwenu nyote. Mimi ni mwanamke wa miaka 52. Wiki tatu zilizopita nilipigwa picha ya CT ya kifua, yenye dawa ya kung'arisha mishipa, kwa sababu ya kikohozi kilichonikaa muda mrefu. Mapafu yalionekana salama na kikohozi chenyewe kimekwisha, lakini mwishoni mwa ripoti ulikuwapo mstari mmoja ambao sikuutarajia, kwamba katika upande wa kulia wa tezi ya thairoidi kuna kinundu cha milimita 17.

Sijawahi kuhisi chochote shingoni. Nikijipapasa sigusi uvimbe, sauti haijabadilika, nameza bila shida, uzito wangu ni uleule. Daktari aliyeniagizia picha aliniambia nisijali, nirudi baada ya mwaka. Sikutulia, nikamwendea daktari wa upasuaji, naye akasema kwamba kitu kisichotakiwa mwilini hutolewa, akanipangia tarehe ya kuondolewa tezi nzima mwezi ujao. Baina ya "usijali" na "tutoe yote" sijaonyeshwa ngazi hata moja ya katikati, na ndiyo maana naandika hapa.

Naomba kueleweshwa: je, ukubwa wa milimita 17 peke yake unatosha kuamua jambo? Kipimo gani hutangulia kingine? Na kuna yeyote aliyewahi kuishi na kinundu cha namna hii bila kukitoa?

Fundi wa Picha

Dada, nimefanya kazi ya ultrasaundi kwa miaka mingi, na shingo ni miongoni mwa sehemu ninazozipima kila siku. Mimi si daktari wa tiba, kwa hiyo nitabaki kwenye picha, lakini hata picha peke yake inatosha kukuonyesha kwamba ngazi za katikati zipo.

Kwanza, kinundu kwenye thairoidi ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyodhani. Kwa kupapasa kwa mkono, vinundu hupatikana kwa takriban watu wazima 4 hadi 7 kati ya 100. Ukichukua ultrasaundi na kuwapima watu wasio na malalamiko yoyote, idadi hiyo hupanda hadi kati ya asilimia 19 na 68 kutegemea umri, jinsia na ubora wa mashine, na wanawake waliovuka miaka 50 ndio wanaoongoza. Nimepima wenzangu kazini siku za kujaribu mashine mpya, na mara kadhaa tumekikuta kinundu kwa mtu aliyelala pale kwa mzaha tu.

Pili, picha ya CT haikuundwa kwa ajili ya tezi hii. Inaweza kukuambia kwamba kitu kipo na kina upana gani kwa makadirio, basi. Haioni vizuri kingo zake, haionyeshi chembe ndogo za chokaa, haitofautishi sawasawa kinundu kigumu na kile kilichojaa majimaji. Kwa hiyo mstari ule wa mwisho kwenye ripoti yako haukuwa hukumu. Ulikuwa mwaliko wa kupima kwa chombo kinachofaa. Madaktari wa radiolojia wa Marekani walikubaliana mwaka 2015 kwamba kinundu kilichoonekana kwa bahati kwenye CT, kisicho na dalili mbaya kama vile tezi za limfu zilizovimba au uvimbe uliopenya nje ya tezi, kinastahili ultrasaundi endapo mtu ana umri wa miaka 35 au zaidi na kinundu kimefika milimita 15, na kwa aliye chini ya umri huo kikifika milimita 10. Kwa umri wako na milimita 17, unaingia. Aliyekuambia urudi baada ya mwaka bila ultrasaundi aliruka hatua, na aliyekupangia upasuaji bila ultrasaundi aliruka hatua nyingi zaidi.

Sasa, mpimaji mwangalifu hutazama mambo matano. La kwanza ni kilichomo ndani: majimaji matupu, mchanganyiko, au nyama ngumu tupu. Kile kinachofanana na sifongo, chenye vijitundu vidogo vingi ndani yake, karibu kila mara si hatari, na nikikiona huwa napumua. La pili ni rangi yake ukilinganisha na tezi iliyokizunguka, maana kadiri kinavyokuwa cheusi zaidi ndivyo shaka inavyoongezeka. La tatu ni umbo, nalo husahauliwa sana na waandishi wa ripoti: kinundu kinachokua kwenda kina kuliko kwenda upana, yaani kimesimama badala ya kulala, kinatia shaka kwa sababu kimevuka mpangilio wa kawaida wa tishu. La nne ni kingo, kama ni laini au zimechongoka, au kama kinundu kimetoboa ngozi ya nje ya tezi. La tano ni vimulimuli vyeupe ndani yake, hasa vile vidogo kama vumbi ambavyo havitupi kivuli nyuma yake.

Mfumo wa Marekani wa mwaka 2017, unaoitwa TI-RADS, huyapa mambo hayo alama kisha huzijumlisha. Kinundu kigumu kina alama 2, chenye rangi sawa na tezi 1, cheusi 2, cheusi mno 3, kilichosimama 3, chenye kingo zilizochongoka 2, chenye vimulimuli vya vumbi 3. Jumla ya alama 3 ni kundi la tatu, 4 hadi 6 ni kundi la nne, 7 na kuendelea ni kundi la tano. Ukubwa huingia baada ya hapo, na hapa ndipo swali lako la kwanza linapopata jibu. Kundi la tano huchomwa sindano ya kuchukua sampuli kikifika milimita 10, la nne milimita 15, la tatu milimita 25, ilhali kundi la kwanza na la pili hayachomwi kabisa. Milimita 17 za kundi la tano si milimita 17 za kundi la tatu, hata kama rula ni ileile.

Ombi langu kwako ni hili: utakapopimwa, hakikisha ripoti inataja vipimo vitatu (urefu, upana na kina), inataja mambo matano niliyoyaeleza, na inasema wazi kama tezi za limfu za pande zote mbili za shingo zilitazamwa. Ripoti inayosema "kinundu kimeonekana, ushauri: muone daktari" irudishe kwa adabu.

Kovu Shingoni

Nitaandika kama mtu aliyepita njia ile ambayo daktari wako wa upasuaji amekuonyesha.

Kinundu changu kilikuwa cha milimita 8. Kilionekana nilipopimwa mishipa mikubwa ya damu shingoni kwa sababu ya kizunguzungu, ambacho baadaye kilibainika kuwa ni tatizo la sikio la ndani. Hakuna aliyenieleza kwamba kinundu cha ukubwa huo kwa kawaida hakihitaji sindano. Nilichomwa siku ileile, na jibu likarudi kuwa chembe zina mashaka yasiyoelezeka, si saratani wala si usalama. Hakuna aliyependekeza kurudia sindano. Kwa hofu niliyokuwa nayo, nikakubali tezi nzima itolewe, na maabara ikasema baada ya upasuaji kwamba hapakuwa na saratani yoyote.

Tangu hapo ninameza kidonge cha homoni kila asubuhi kabla ya kula, na nitakimeza maisha yangu yote. Miezi ya mwanzo ilikuwa migumu kuliko kovu, kwa kuwa tezi ndogo nne zinazoongoza kalsiamu, ambazo hukaa nyuma ya thairoidi, zilishtushwa na upasuaji. Vidole vilikuwa vikifa ganzi na misuli kukaza, nikawa naishi kwa vidonge vya kalsiamu. Hilo lilipona. Sauti yangu haikuguswa, namshukuru Mungu, ingawa neva inayoiendesha hupita pembeni kabisa ya tezi na niliambiwa kuhusu hatari hiyo nikiwa tayari nimevaa gauni la chumba cha upasuaji.

Baadaye nilianza kusoma, kwa hasira kidogo, nakiri. Nikakutana na habari ya Korea Kusini. Nchi ile ilianzisha mpango wa taifa wa kuchunguza saratani mwaka 1999. Thairoidi haikuwamo kwenye mpango, lakini hospitali zilikuwa zikiwauzia watu ultrasaundi ya shingo kama nyongeza ya bei ndogo. Kufikia mwaka 2011, idadi ya waliogundulika na saratani ya thairoidi ilikuwa mara 15 ya ile ya mwaka 1993, ilhali idadi ya waliokufa kwa ugonjwa huo haikusogea. Maelfu kwa maelfu walipasuliwa. Kama wangekuwa wameokolewa, vifo vingepungua. Na huko Finland, utafiti uliochapishwa mwaka 1985 ulikata kwa makini tezi za watu waliokufa kwa sababu nyingine, ukakuta saratani ndogondogo za aina ya papilari kwa zaidi ya theluthi moja yao. Watu hao waliishi nazo na kuzikwa nazo, hawakujua.

Sikuambii usipasuliwe kamwe. Ninachokuambia ni kwamba tarehe ya upasuaji iliyotolewa kabla ya ultrasaundi, kabla ya kipimo cha damu na kabla ya sindano ni tarehe inayoweza kusubiri.

Nahodha Mstaafu

Nimesoma maelezo ya ndugu yetu Kovu Shingoni na ninampa pole, lakini naomba tusije tukamfanya dada huyu adharau jambo. Kaka yangu alikuwa na uvimbe shingoni, mgumu kama jiwe, usiosogea, na sauti yake ilikuwa imekwaruza kwa miezi miwili. Kila mtu, sisi nyumbani tukiwamo, aliuita rovu la kawaida. Ilikuwa saratani ya aina ya medula, na ilikwisha kutoka nje ya tezi.

Aina hiyo ni ya wachache, lakini takriban robo ya wanaoipata wamerithi, kwa hiyo tulipimwa vinasaba ukoo mzima. Dada, kabla ya chochote, uliza nyumbani kwenu kama yupo aliyewahi kuumwa saratani ya thairoidi, au uvimbe wa tezi zilizo juu ya figo wenye kupandisha shinikizo la damu ghafla. Ningependa pia daktari aliye humu atuambie kama kila mwenye kinundu anapaswa kupimwa kalsitonini, homoni ya kwenye damu inayopanda kwa saratani hiyo ya medula.

Daktari wa Homoni

Mwalimu, umepata majibu mazuri, na nitajaribu kutorudia yaliyokwisha kusemwa. Mtu anayeandika mtandaoni hawezi kuchukua nafasi ya anayekugusa shingo, lakini mpangilio wa hatua naweza kukupa.

Hatua ya kwanza ni maswali na mikono. Nahodha ameuliza moja la msingi. Nyingine ni hizi: je, uliwahi kupigwa mionzi ya tiba kichwani, shingoni au kifuani ukiwa mtoto? Mionzi ya utotoni ni miongoni mwa visababishi vilivyothibitika zaidi, na baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl ya mwaka 1986 saratani ya thairoidi iliongezeka waziwazi kwa waliokuwa watoto katika maeneo yaliyoathirika. Je, kinundu kinakua kwa kasi ya wiki chache, sauti imekwaruza bila mafua, chakula kinakwama, au kuna uvimbe mwingine pembeni ya shingo? Ukijibu ndiyo kwa lolote kati ya hayo, alama za Fundi wa Picha hubaki kuwa na maana, lakini subira hupungua.

Hatua ya pili ni damu, na kipimo kimoja hutangulia vyote: TSH, homoni ambayo ubongo hutumia kuiamrisha thairoidi. Ikiwa TSH iko chini, huenda kinundu chenyewe ndicho kinachozalisha homoni bila kungoja amri. Hapo hufanywa skani ya nyuklia, na kinundu kikionekana kuwa cha moto, yaani kinavuta dawa ya mionzi kuliko tezi iliyobaki, uwezekano wa saratani ni mdogo mno kiasi kwamba sindano huwa haihitajiki. Tatizo linalotibiwa wakati huo ni wingi wa homoni. Ikiwa TSH ni ya kawaida au iko juu, skani ya nyuklia haina kazi, na uamuzi unabaki kwa ultrasaundi. Nimewaona wagonjwa wengi walioanzia kwenye skani hiyo, wakatangaziwa kwamba kinundu chao ni "baridi", wakakosa usingizi, ilhali vinundu vingi vya kawaida kabisa huonekana baridi.

Kwako wewe nina tahadhari mbili. Umesema CT yako ilitumia dawa ya kung'arisha mishipa. Dawa hiyo ina madini ya joto kwa wingi, yaani ayodini, kwa hiyo ikitokea ukahitaji skani ya nyuklia, majibu yake yanaweza kupotoshwa kwa wiki 4 hadi 8 baada ya CT. Vilevile kama una kinundu kinachojiendesha chenyewe, ayodini hiyo inaweza kukichochea kumwaga homoni. Mapigo ya moyo yakienda mbio, mikono ikitetemeka, au ukitokwa jasho bila sababu katika wiki hizi, usisubiri miadi. Tahadhari ya pili ni biotini, vitamini inayouzwa kwa ajili ya nywele na kucha. Inavuruga baadhi ya mashine za maabara na kuifanya TSH ionekane iko chini wakati sivyo. Kama unaitumia, iache siku mbili au zaidi kabla ya kutoa damu na umwambie daktari.

Kuhusu kalsitonini, Nahodha, wataalamu hawajakubaliana. Madaktari kadhaa wa Ulaya huipima mara moja kwa kila mwenye kinundu, ilhali mwongozo wa Marekani wa mwaka 2015 haukupendekeza wala haukukataza. Mimi huipima pale penye historia ya ukoo kama yenu, au panapokaribia upasuaji. Kumpima kila mtu huleta majibu ya juu kidogo yasiyo na maana, na kila jibu la namna hiyo huzaa kipimo kingine.

Sindano, ikihitajika, ni nyembamba kuliko ile ya kutolea damu, nayo huongozwa na ultrasaundi. Mwambie daktari kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Majibu hupangwa katika makundi sita ya mfumo unaoitwa Bethesda, na naomba uyafahamu kabla ya kuchomwa, kwa sababu yaliyompata Kovu Shingoni yalianzia kwenye kutoyafahamu. Kundi la kwanza maana yake chembe hazikutosha, kwa hiyo sindano hurudiwa. Jibu hilo halimaanishi kwamba uko salama. La pili ni lisilo la saratani, na ndilo wanalopata wengi. La sita ni saratani karibu kwa hakika, na la tano ni shaka kubwa. Taabu iko kwenye la tatu na la nne. Toleo la mwaka 2023 linakadiria uwezekano wa saratani kuwa takriban asilimia 22 kwa kundi la tatu na 30 kwa kundi la nne, lakini takwimu hizi hutokana zaidi na watu waliokwisha kupasuliwa, nao huwa ni wale waliotiliwa shaka zaidi tangu mwanzo, kwa hiyo hali halisi huenda ni nafuu kuliko tarakimu. Mwenye kundi la tatu anaweza kurudia sindano, kupima vinasaba vya chembe zilezile pale kipimo hicho kinapopatikana, kufuatiliwa, au kutolewa nusu ya tezi kwa uchunguzi. Kutolewa tezi nzima hakuji kwanza kwenye orodha hiyo.

Watu huuliza kwa nini sindano isimalize maneno. Sababu ni kwamba baadhi ya saratani, zile za folikula, zina chembe zinazofanana kabisa na za uvimbe usio na madhara, na tofauti yake ni kama zimetoboa ganda la kinundu au mishipa ya damu. Sindano huleta chembe chache zilizotawanyika. Ganda hubaki shingoni.

Na hata sindano ikisema saratani, bado si kila mtu hukimbizwa chumba cha upasuaji. Hospitali ya Kuma, mjini Kobe, Japani, ilianza mwaka 1993 kuwafuatilia bila upasuaji wagonjwa wenye saratani ya papilari isiyozidi sentimita moja na isiyo na dalili za kusambaa. Ndani ya miaka 10, uvimbe uliongezeka kwa milimita 3 au zaidi kwa takriban wagonjwa 8 tu kati ya 100, na waliopasuliwa baadaye kwa sababu hiyo hawakudhurika kwa kuchelewa. Hapa namuunga mkono Kovu Shingoni, isipokuwa jambo moja: mfano wa Korea unahusu kuwatafuta vinundu watu wasio na tatizo. Wewe, Mwalimu, hukutafuta. Kimeonekana, na kikishaonekana kinastahili kutathminiwa mara moja vizuri, kisha kiachwe au kishughulikiwe kulingana na kilivyo.

Usikubali kupewa vidonge vya homoni kwa ajili ya kukisinyaza. Zamani tulifanya hivyo. Faida yake ni ndogo, na homoni ikizidi huvuruga mapigo ya moyo na kudhoofisha mifupa, hasa kwa mwanamke wa umri wako.

Mwalimu wa Jioni

Nimerudi baada ya siku 12, na nina majibu mkononi. Nyumbani hakuna aliyewahi kuugua tezi hii, wala sikuwahi kupigwa mionzi utotoni. Biotini nilikuwa nikiitumia kweli, kwenye vidonge vya kucha ambavyo sikuwahi kuvihesabu kuwa dawa, nikaviacha siku nne kabla ya kutoa damu. TSH ni 1.8, ya kawaida.

Ripoti ya ultrasaundi inasema kinundu cha kulia kina milimita 18 kwa urefu, 14 kwa upana na 11 kwa kina, ni kigumu, rangi yake ni sawa na ya tezi, kingo ni laini, hakuna vimulimuli. Upande wa kushoto kipo kingine cha milimita 6 chenye sura ya sifongo, ambacho CT haikukiona. Tezi za limfu ni za kawaida. Nimehesabu alama mwenyewe nikapata 3 kwa kile cha kulia. Ninayo maswali mawili: je, kutoka milimita 17 hadi 18 ni kukua? Na mbona daktari wa radiolojia ameandika "fuatilia", ilhali daktari wa homoni niliyemwona amesema angeweza kunichoma sindano?

Fundi wa Picha

Umehesabu sawasawa: 2 za ugumu na 1 ya rangi. Umbo halikuongezi kitu, kwa sababu kina cha 11 ni kidogo kuliko upana wa 14. Kile cha sifongo hakina alama hata moja.

Milimita 17 na 18 ni kitu kimoja. CT na ultrasaundi hupima kwa namna tofauti, na hata mimi nikikipima kinundu kilekile asubuhi na jioni naweza kutofautiana na nafsi yangu kwa milimita moja. Tunasema kimekua endapo angalau vipimo viwili kati ya vitatu vimeongezeka kwa asilimia 20 na kila kimoja kwa milimita 2 au zaidi, au ujazo umeongezeka kwa zaidi ya asilimia 50. Mwakani mpimaji alinganishe na picha za sasa, na miaka inayofuata azirudie hizohizo za mwanzo pia, asilinganishe na za mwaka uliotangulia tu, maana kinachokua polepole hujificha kwenye hatua fupifupi.

Daktari wa Homoni

Tofauti uliyokutana nayo ni ya miongozo, na wote wawili wana hoja. Kwa mfumo wa alama, kundi la tatu huchomwa likifika milimita 25, na kuanzia milimita 15 hufuatiliwa kwa ultrasaundi baada ya mwaka 1, kisha wa 3, kisha wa 5. Mfumo wa Ulaya wa mwaka 2017 ungekiweka kinundu chako kwenye daraja lake la tatu pia, ambalo sindano yake huanza kikizidi milimita 20. Mwongozo wa chama cha thairoidi cha Marekani wa mwaka 2015 hukiita cha shaka ndogo, na kwa hicho sindano huanza milimita 15. Kwa hiyo milimita 18 zako zimeangukia hasa mahali ambapo vitabu havikubaliani, na mwenzangu hakukosea kuitaja sindano.

Katika kundi lako, uwezekano wa saratani ni takriban watu 5 kati ya 100, na hata hiyo ikiwapo, kwa kawaida ni ya aina inayokwenda taratibu. Ungekuwa mgonjwa wangu ningekueleza hivyo kisha ningekuuliza ni lipi ungelivumilia vizuri zaidi: mwaka wa kungoja ukijua uwezekano huo, au sindano leo ukijua kwamba huenda ikarudi na kundi la tatu la Bethesda na kukufungulia mlango mwingine. Wapo wasiolala wakingoja, na hao nawachoma. Wewe mwenyewe unajijua. Kwa hali ilivyo, sioni sababu ya kutoa tezi nzima.

Sauti ikibadilika, uvimbe ukionekana kwa macho, au kumeza kukiwa kugumu kabla ya mwaka kwisha, usingoje tarehe.

Mwalimu wa Jioni

Nimechagua kungoja. Jana nilimpigia simu yule daktari wa upasuaji na kumsomea ripoti, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba kwa ripoti hiyo hata yeye angefuatilia, na tarehe imefutwa. Nimeomba picha zote kwenye diski, siyo karatasi peke yake, na nimeandika mbele ya kalenda mwezi wa kurudi pamoja na vile vipimo vitatu, 18, 14 na 11, ili mpimaji ajaye asianze upya.

Nahodha, asante kwa swali la ukoo. Shangazi zangu wamelijibu kwa simu ndefu mno.